Mtoto wa Mto Tana Ajikinge na Nini?

Swali letu la leo linazungumzwa kila wanapokutana wazazi hapa Tana Delta, kuanzia Minjila hadi Ngao, kuanzia Tarasaa hadi Kipini: je, shule ziwafundishe watoto kujihami, pamoja na zile stadi za maisha ambazo mtihani hauziulizi? Jibu langu nalitoa mapema. Ndiyo, zifundishe, na zimechelewa. Ila mafunzo ya mtoto wa Garsen hayawezi kuazimwa mazima mazima kutoka mjini, wala kutoka kwenye sinema za karate. Yaanze na mambo yanayomdhuru mtoto wa hapa, na kwetu sisi tunaokaa kando ya Tana, pa kuanzia ni majini.

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Unatoka Aberdare na Mlima Kenya, unapita katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha unateremka Garissa, Hola na Garsen hadi kuingia baharini Kipini. Kwa hiyo mvua inanyesha Nyeri na Embu, na maji yanatufikia sisi siku kadhaa baadaye, pengine jua linawaka na mbinguni hakuna wingu. Wazee wanaukumbuka mwaka 1961. Waliokuwa watoto 1997 wanaikumbuka ile El Niño. Watoto wa juzi wana 2018, wana Novemba 2023, wana Aprili na Mei 2024. Kila kizazi kina gharika yake, na bado hakuna kipindi kwenye ratiba ya shule ambapo mtoto anaambiwa: ukisikia redioni kwamba Masinga imejaa na maji yameanza kumwagika, anza kuhesabu siku. Vitabu na vyeti vya kuzaliwa vitiwe kwenye mfuko wa plastiki na kufungwa. Mbuzi wapelekwe mwinuko. Bibi asiyeweza kutembea atangulie, asingojee maji yafike mlangoni. Nani ataniambia hayo hayafai kufundishwa darasani, kwa mtoto anayejifunza vyanzo vya mito katika somo la jamii na hajui mto wake mwenyewe utamfikia lini?

Mwaka ule wa 2024, muhula wa pili nchi nzima uliahirishwa kutoka Aprili 29 hadi Mei 6, ukaahirishwa tena, shule zikafunguliwa Mei 13. Usiku wa Jumapili, Aprili 28, karibu na Kona Punda upande wa Madogo na Garissa, chombo kilichokuwa kikivusha watu pale barabara ilipomezwa na maji kilipinduka. Watu 23 waliokolewa. Wengine hawakurudi nyumbani. Waliopanda chombo kile walikuwa wasafiri tu, watu waliotaka kufika ng'ambo kwa sababu njia nyingine haikuwapo.

Sasa sikiliza jinsi baadhi ya mambo ya kujiokoa majini yalivyo mepesi kufundisha. Mtungi wa plastiki wa lita 20, ule ule wa kutekea maji, ukiwa mtupu na kifuniko kimekazwa, unaweza kumshikilia mtu mzima asizame. Kila nyumba ya Garsen inao. Mtoto wa darasa la nne anaweza kujifunza kwa asubuhi moja kuukumbatia kifuani na kulala juu ya maji, na kuufunga kamba na kumrushia mwenzake. Anaweza kujifunza lile jambo gumu kuliko yote, kwamba mwenzako akizama usijitose kumfuata, kwa sababu anayezama humshika anayemwokoa na wakaondoka wawili. Rusha mtungi, nyosha mti mrefu, piga kelele watu wazima waje. Anaweza kufundishwa kwamba maji yanayokwenda kasi yakifika magotini yanaweza kumwangusha mwanamume mwenye nguvu zake, na kwa hiyo haivukwi barabara iliyofunikwa na maji eti kwa sababu jana ilivukika. Na wakubwa zaidi, wa sekondari, wafundishwe kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aliyetolewa majini hana pumzi, tuachane na ile desturi ya kumning'iniza kichwa chini ili maji yatoke, inayopoteza dakika ambazo mtu angeweza kuokolewa.

Upande wa Unguja, kijijini Nungwi, kuna mradi uitwao Panje ambao tangu 2011 umekuwa ukiwafundisha watoto kuogelea na kuokoana. Wasichana wanaingia baharini na mavazi yanayowastiri mwili mzima, wazazi wakiwa radhi. Naitaja Nungwi kwa sababu najua mzazi Mworma au Mpokomo Mwislamu atauliza kwanza kuhusu stara, na ana haki ya kuuliza. Jibu limekwisha kupatikana, tena na Waswahili wenzetu. Na waliosoma madrasa wanaijua kauli inayonasibishwa na Sayyidna Umar kuhusu kuwafundisha watoto kuogelea. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza watoto wa umri wa shule wafundishwe kuogelea na usalama wa majini, na Bangladesh, nchi ya mito na mafuriko kama sisi, imefundisha watoto wengi sana kwa njia hiyo.

Lakini Tana si bahari ya Nungwi. Tana ina mamba na viboko, na mwalimu atakayewapeleka watoto arobaini mtoni bila kujua hilo atakuwa amewapeleka hatarini. Kwa hiyo somo la kwanza kwetu ni kujua pasipoingiwa. Wazee wa mitumbwi wanajua mamba analala ufuo gani, wanajua kwa nini mtu asiteke maji kila siku mahali pale pale saa ile ile, wanajua kwamba kiboko hutoka usiku kula nyasi na kwamba mtu asisimame kati yake na maji. Ujuzi huo uko vichwani mwa watu wenye miaka sitini na sabini, na hakuna aliyewaita shuleni kuueleza. Mazoezi yenyewe ya kuelea yafanyike katika maji ya kina kifupi waliyoyakagua wazee hao na kuyazungushia uzio wa miti, katika miezi ya kiangazi ambapo mto umepungua nguvu. Pasipopatikana mahali salama, yafundishwe ya nchi kavu pekee: kamba, mtungi, pumzi. Hayo peke yake ni mengi.

Na maji yakipanda, nyoka naye huhamia mwinuko ule ule tuliohamia sisi. Mtoto ajue kwamba aliyeumwa na nyoka hachanjwi, hafyonzwi jeraha, hafungwi kamba ya kukata damu, hawekewi jiwe jeusi. Anatulizwa, anavuliwa bangili na viatu kabla mguu haujavimba, anapelekwa hospitali bila kutembezwa. Ni sentensi chache tu, na sioni sababu mtoto amalize shule ya msingi bila kuzisikia.

Nimekaa sana majini. Tuje nchi kavu, kwenye jambo ambalo wazazi wengi ndilo wanalolifikiria wanaposikia neno kujihami: msichana anayetembea peke yake kwenda shule, njia ndefu, vichaka kushoto na kulia, na msichana anayerudi nyumbani ambako mtu wa kumwogopa yumo humo humo ndani.

Nairobi wamelijaribu hili kwa dhati. Katika mitaa kama Korogocho na Dandora, wasichana wa shule walipewa mafunzo ya saa kumi na mbili hivi, yaliyogawanywa katika wiki sita. Walifundishwa kutambua mapema mtu mwenye nia mbaya, kusema hapana kwa sauti inayosikika barabarani, kukimbia, na ikibidi, kupiga mahali panapouma ili wapate nafasi ya kukimbia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 katika jarida la Pediatrics ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wasichana waliofundishwa walieleza kuwa waliyatumia mafunzo yale kumzuia mshambuliaji katika mwaka uliofuata. Korogocho hata mabibi wazee wamejifunza. Huko Kanada, katika vyuo vikuu vitatu, mafunzo ya muda kama huo yalipimwa kwa makini, matokeo yakatolewa mwaka 2015: katika mwaka mmoja, wanawake waliobakwa miongoni mwa waliofundishwa walikuwa karibu asilimia 5, na miongoni mwa wasiofundishwa karibu asilimia 10. Karibu nusu. Kwa hiyo anayesema kwamba msichana hawezi kujikinga, ajue kwamba jambo hili limepimwa, na jibu ni kwamba anaweza.

Najua pingamizi litakalotoka kwa baadhi ya wazee. Watasema: mkimfundisha binti kupiga kelele na kukataa, mnamwondolea adabu. Mzee wangu, nakuheshimu, lakini hapa sikubaliani nawe. Mtoto aliyefundishwa kumtii kila mtu mzima katika kila jambo ndiye mtoto rahisi kuliko wote kudhuriwa, kwa sababu anayemdhuru mara nyingi ni mtu mzima anayemwamkia kila asubuhi. Aendelee kutoa shikamoo. Lakini ajue pia kwamba mwili wake hauamriwi na mjomba, wala jirani, wala mwalimu, na kwamba kumkataa mkubwa anayetaka uovu si utovu wa adabu. Tume ya Huduma za Walimu yenyewe ilitoa waraka namba 3 mwaka 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono zinazofanywa na walimu. Waraka huo usomwe kwa sauti mbele ya wanafunzi, kwa Kiswahili, tena kila muhula.

Na wafundishwe sheria. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema wazi: anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake anafungwa maisha, mtoto akiwa wa miaka 12 hadi 15, kifungo hakipungui miaka 20, akiwa wa 16 hadi 18, hakipungui miaka 15. Mtoto ajue kwamba akidhuriwa asioge wala asifue nguo kwanza, apelekwe hospitali siku ile ile, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72. Ajue kwamba fomu ya P3, ile ya polisi inayojazwa na daktari, hailipiwi. Na ajue, msikilizaji, habari ya maslaha.

Maslaha ni kitu kizuri kinapohusu ng'ombe walioingia shambani. Wazee wanakaa, wanapima hasara, wanapatana, watu wanaendelea kuishi pamoja. Lakini tunapokaa chini ya mti kulipana ng'ombe kwa sababu mtoto wa miaka kumi na miwili amenajisiwa, tumemuuza mtoto huyo mara ya pili. Nalisema hili nikijua linawaudhi watu ninaowapenda. Msichana anayejua sheria anaweza kumwambia mama yake, mama akamwambia chifu, chifu akaogopa kunyamaza. Binti asiyejua atadhani wazee wakishakunywa chai yao, jambo lake limekwisha.

Hapa ndipo nafika kwenye sababu inayonifanya niseme kwamba Garsen haiwezi kunakili mafunzo ya mahali pengine. Sisi tunakumbuka mapigano ya mwaka 2012 kati ya Wapokomo, wakulima, na Waorma, wafugaji. Agosti 22, kijiji cha Riketa: watu zaidi ya 50 waliuawa kwa siku moja, wengi wao wanawake na watoto. Septemba ikaja Chamwanamuma, ikaja Kilelengwani, ambako hata maafisa wa polisi waliuawa. Desemba 21 ikaja Kipao. Wapokomo walizika, Waorma walizika, na familia zikalala kambini. Mwaka 2001 tulikuwa tumeyaona kama hayo. Na kila mara kijana aliyeshika mkuki au panga aliaminishwa kwamba analinda kwao.

Basi tukiingia darasani Garsen na kusema leo tunafundisha kujihami, kuna mvulana wa miaka kumi na minne atakayesikia jambo jingine kabisa. Tusijifanye hatulijui hilo. Ndiyo maana mvulana huyo naye afundishwe, tena kwa uangalifu mkubwa kuliko dada yake. Afundishwe kile ambacho sheria ya Kenya inakitambua: nguvu ya kujikinga inaruhusiwa wakati hatari iko mbele yako, kwa kiasi kinachotosha kuiepuka. Hatari ikishaondoka, kumfuata mtu kwake usiku na moto mkononi ni uhalifu, hata kama ng'ombe wako walikatwa jana. Kifungu cha 17 cha sheria ya adhabu hakimlindi mlipiza kisasi. Afundishwe pia kuisimamisha habari kabla haijawa moto. Ukipokea kwenye simu kwamba watu wa upande fulani wanakuja, uliza: nani ameona? Ameona wapi, saa ngapi? Mpigie chifu. Mpigie mtu unayemjua upande wa pili. Ndiyo, uwe na mtu unayemjua upande wa pili, na namba yake uwe nayo.

Kwa sababu hiyo nashikilia jambo moja ambalo sitaliacha: mafunzo haya yawe ya watoto wa pande zote pamoja, mkulima na mfugaji, kwenye kikosi kimoja. Mtoto wa Mpokomo amfundishe mwenzake kupiga kasia. Mtoto wa Mworma amweleze mwenzake kwa nini malka, ile njia ya mifugo kufikia mto, ikizibwa na shamba, ng'ombe wanakufa kwa kiu mita mia moja kutoka mtoni. Wazee wa Gasa wa Wapokomo na wazee wa Matadeda wa Waorma waalikwe siku moja, wakae meza moja mbele ya watoto. Mtoto aliyeshikwa mkono na mwenzake akiwa majini, akijifunza kuokolewa, atakuwa na jibu siku atakapoambiwa kwamba yule ni adui. Sidai kwamba hilo litamaliza vita vya malisho na mashamba, maana vita hivyo vina mizizi katika hati za ardhi, siasa na ukame. Nadai kwamba mvulana wa kubeba mkuki atakuwa mgumu kidogo kupatikana.

Sasa, kuna atakayeniambia: mbona stadi za maisha zimo tayari? Zilikuwamo. Kenya iliziingiza shuleni zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita, kipindi kimoja kwa wiki, bila mtihani. Na kila aliyesoma wakati ule anajua kipindi kisicho na mtihani kilikwenda wapi: kilichukuliwa na Hisabati. Ulipoanza mtaala wa umilisi katika sekondari ya msingi, Januari 2023, Stadi za Maisha likawa somo lenye jina lake. Kisha jopo la Profesa Raphael Munavu likapendekeza masomo yapunguzwe, yakawa tisa, na stadi hizo zikaingizwa ndani ya masomo mengine. Sina ugomvi na kupunguza masomo. Watoto walikuwa wamelemewa. Lakini nina wasiwasi, kwa sababu jambo linalosemwa ni kazi ya kila mwalimu kwa kawaida halifanywi na mwalimu yeyote.

Na tukumbuke 8-4-4 ilivyoanza mwaka 1985. Useremala, ushonaji, sayansi kimu, kilimo: fikra ilikuwa nzuri. Wazazi wakaambiwa wajenge karakana, vifaa vikawa ghali, miaka ikapita, masomo yakakatwa moja moja. Kupika, kushona na kuweka akiba bado napenda vifundishwe, na visiwe vya wasichana peke yao. Ila ninachokiomba leo hakihitaji karakana. Kinahitaji kamba, mitungi, uwanja wa shule, na watu ambao tayari wako hapa: mwenye mtumbwi, muuguzi wa zahanati, afisa wa dawati la jinsia, mtu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu, mzee, ustadhi, mchungaji. Wale watakaofundisha wasichana kujikinga kwa mikono wawe wanawake, wafunzwe kwanza wao, na wasijifungie chumbani na mtoto.

Ombi langu ni kwa wazazi wa Tana Delta. Mikutano ya wazazi ya muhula wa kwanza hufanyika mto ukiwa chini, kabla ya masika. Mkutano ujao simama, mama, simama, baba, umuulize mwalimu mkuu mbele ya watu wote: mtoto wangu atafundishwa lini kujiokoa majini, na atafundishwa na nani kukataa? Aandike jibu kwenye kumbukumbu za mkutano, na tarehe. Na wakati tunasubiri jibu hilo, leo usiku kabla mtoto hajalala, mfundishe namba mbili hadi azijue kwa moyo. Ya watoto ni 116, na ya dhuluma za kijinsia ni 1195. Zote mbili kupiga ni bure.